Uchambuzi wa kisa: kilomita 113 kwa saa, lakini za gari lipi?

Usuli

Kisa hiki kinamhusu dereva wa gari dogo la kusambaza mizigo aliyeshtakiwa kwa kuendesha kilomita 113 kwa saa mahali ambapo kikomo kilikuwa kilomita 80. Majina, tarehe, namba za magari na mahali vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa hoja yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Sheria iliyotumika iliyagawa makosa ya mwendokasi kwa madaraja. Kuzidi kikomo kwa kilomita chache kulikuwa na faini peke yake, lakini kuzidi kwa zaidi ya kilomita 30 kulifungua mlango wa kufungiwa leseni kwa muda. Kwa mtu ambaye riziki yake iko kwenye usukani, tofauti kati ya madaraja hayo mawili ilikuwa kubwa kuliko faini yenyewe, na ndiyo iliyomfanya dereva huyu asilipe palepale kama wafanyavyo wengi.

Kilichotokea barabarani

Ilikuwa asubuhi kavu yenye mwanga wa kutosha. Barabara ilikuwa na njia mbili kila upande, na mahali hapo ilikuwa imenyooka kwa zaidi ya kilomita moja. Askari wawili wa usalama barabarani walikuwa kando yake. Mmoja alishika rada ya mkononi, yaani tochi, na mwingine alisimama mbele kidogo kusimamisha magari. Dereva alisimamishwa, akaonyeshwa namba 113 ikiwa imegandishwa kwenye kioo cha tochi, akaulizwa sababu ya mwendo huo. Akajibu: “Samahani afande, nawahi kufikisha mzigo.” Maneno hayo yaliandikwa neno kwa neno kwenye maelezo ya askari, na tutayakuta tena mahakamani.

Jambo ambalo halikuandikwa kwenye maelezo hayo ni basi kubwa lililokuwa nyuma yake. Dereva alieleza kwamba lilimjia kwa kasi kwenye njia ya kupitia, likamfikia ubavuni karibu mita 100 kabla ya askari, kisha likafunga breki na kupita kizuizi kwa mwendo wa adabu. Hakulitaja pale barabarani. Kabla ya kuondoka alipiga picha ya mahali alipokuwa amesimama askari mwenye tochi pamoja na barabara ilivyoonekana kutoka hapo, na jioni ileile aliandika kwenye daftari mambo yote aliyoyakumbuka: hali ya hewa, magari yaliyokuwapo, njia aliyokuwa akitumia na maneno yaliyosemwa. Mambo hayo mawili yalimchukua muda mfupi sana, na bila ya hayo kesi hii isingekuwa na cha kuchambuliwa.

Jinsi tochi inavyoipata namba

Rada ya polisi hutoa mawimbi ya redio yenye masafa yanayojulikana. Mawimbi hayo yakigonga kitu kinachosogea, mwangwi hurudi ukiwa na masafa tofauti kidogo, na tofauti hiyo hulingana na mwendo wa kitu. Kwa rada inayotumia masafa ya gigahezi 24.15, kila kilomita moja kwa saa huongeza takriban hezi 45, hivyo kilomita 113 kwa saa ni tofauti ya hezi 5,050 hivi. Tofauti ya kiwango hicho iko ndani ya uwezo wa sikio, na ndiyo maana tochi nyingi humtolea askari sauti inayopanda na kushuka kulingana na mwendo wa gari linalopimwa.

Kipimo hiki chenyewe ni cha kuaminika sana. Rada iliyotunzwa vizuri haikosei kwa kilomita 25, na mshtakiwa anayeanza utetezi wake kwa kusema kwamba kifaa ni kibovu huwa amechagua uwanja ambao upande wa mashtaka umejiandaa kuliko yeye. Udhaifu uko kwingine. Rada hupima mwendo wa kitu kilichorudisha mwangwi wenye nguvu zaidi, lakini haisemi kitu hicho ni kipi. Mwale wake hupanuka kadiri unavyokwenda mbali, kama mwanga wa kurunzi ukutani. Mwale wa nyuzi 12, ambao ni wa kawaida kwa rada za mkononi, ukifika mita 350 huwa na upana wa mita zaidi ya 70, yaani unafunika njia zote za upande mmoja, njia zote za upande wa pili, na vichaka vya pande zote mbili. Kazi ya kuamua kwamba namba iliyoonekana ni ya gari fulani hufanywa na macho ya askari, wala si na kifaa.

Baadhi ya washtakiwa hupenda kutaja kisa cha Florida, Marekani, cha mwaka 1979, ambapo mahakama ya kaunti ya Dade ilikataa ushahidi wa rada baada ya taarifa ya televisheni kuonyesha rada ikisoma maili 86 kwa saa ilipoelekezwa kwenye mti. Ni kisa cha kweli na kinachekesha, lakini vifaa vya wakati ule si vya leo, na hakimu anayekisikia bila kuelezwa kinahusianaje na kifaa kilicho mbele yake ana haki ya kukipuuza. Hakikutumiwa katika kesi hii.

Maamuzi kabla ya kesi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukana shtaka na kuomba nyaraka mapema. Ziliombwa cheti cha ukaguzi wa vipimo vya tochi, daftari la majaribio ya siku hiyo, uthibitisho wa mafunzo ya askari, maelezo yake kamili na mwongozo wa matumizi wa kifaa. Cheti kilikuwa hai na namba ya kifaa ililingana na ile iliyoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Askari alikuwa amefunzwa. Daftari lilionyesha kwamba tochi ilijaribiwa kabla ya zamu kwa jaribio la ndani na kwa uma ya sauti, ambayo ikigongwa na kuwekwa mbele ya rada hutikisika kwa masafa yanayolingana na mwendo fulani, na tochi inatakiwa kuusoma mwendo huohuo. Jaribio la mwisho wa zamu halikuandikwa. Mwongozo wa kifaa ulimtaka askari alione gari, akadirie mwendo wake kwa macho, asikilize sauti mpaka itulie, na ndipo agandishe namba. Maelezo ya askari yalisema tu kwamba “gari dogo lilionekana umbali wa takriban mita 350 likiwa katika mwendo mkali.”

Uamuzi wa pili ulikuwa kuacha hoja ambazo zingemuumiza mshtakiwa, na huu ulihitaji ujasiri kwa sababu mojawapo ilikuwa imemkaa moyoni. Alikuwa amesoma kwamba tochi ikielekezwa kwa pembe badala ya kunyooka na barabara hutoa kipimo chenye makosa. Ni kweli, lakini kwa rada iliyosimama mahali pamoja kosa hilo humpendelea dereva: kwa pembe ya nyuzi 10 kifaa husoma asilimia 98.5 ya mwendo halisi, kwa nyuzi 20 husoma asilimia 94. Laiti angeithibitisha hoja hiyo, angeieleza mahakama kwamba mwendo halisi ulikuwa karibu kilomita 115. Hali hubadilika rada inapokuwa ndani ya gari la polisi linalotembea, kwa sababu hapo kifaa hukadiria pia mwendo wa gari la polisi lenyewe, na kikiukadiria pungufu, sehemu iliyopungua huongezwa kwenye mwendo wa gari linalokuja mbele. Hapa askari alikuwa amesimama kwa miguu yake.

Hoja nyingine iliyoachwa ni ya dashibodi. Dereva alikumbuka mshale ukiwa karibu na 95. Kanuni ya kimataifa inayofuatwa na watengenezaji wengi, Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, hairuhusu dashibodi kuonyesha mwendo ulio chini ya ule halisi, ila inaruhusu kuonyesha zaidi kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Gari linalokwenda 80 linaweza, bila kuvunja kanuni, kuonyesha hadi 92. Kwa hiyo kumbukumbu ya mshale isingeweza kuthibitisha chochote zaidi ya kwamba dereva mwenyewe alijiona amezidi kikomo.

Uamuzi wa tatu ndio uliojadiliwa kwa muda mrefu zaidi. Gari lilikuwa na kifaa cha kufuatilia magari cha mwajiri, kilichoandika mahali na mwendo kila baada ya sekunde 15. Rekodi zilionyesha kilomita 87, 89 na 88 kwa saa katika dakika ya mwisho kabla ya kupunguza mwendo na kusimama. Kuziwasilisha mahakamani kulikuwa ni kukiri kuzidi kikomo cha 80. Kutoziwasilisha kulimwacha mshtakiwa na neno lake dhidi ya neno la askari. Zilichaguliwa ziwasilishwe kwa sababu hatari ya kweli ilikuwa daraja la juu la adhabu, na pia kwa sababu kusimama kizimbani na kudai kwamba hakuzidi kabisa kungekuwa uongo. Rekodi ziliombwa kwa mwajiri ndani ya wiki ile ile, maana mifumo mingi ya aina hii hufuta kumbukumbu za zamani, na fundi anayeusimamia mfumo alitoa maelezo yaliyosainiwa kuhusu namna zinavyotunzwa.

Siku ya kusikilizwa

Mwendesha mashtaka alipinga rekodi hizo kwa hoja mbili nzuri. Ya kwanza ilikuwa saa: hati ya mashtaka ilisema kosa lilitendeka dakika tatu baada ya wakati ambao rekodi zilionyesha gari limesimama. Utetezi ulijibu kwamba kifaa cha kufuatilia hupata saa yake kutoka kwenye setilaiti, ilhali saa ya hati ilitoka mkononi mwa askari na haikuwa na sekunde, na kwamba hakukuwa na haja ya kulinganisha saa hizo hata kidogo. Gari lilisimama mara moja tu kwenye barabara ile asubuhi ile, mahali palepale palipokuwa na askari, kama picha ilivyoonyesha. Kutoka kwenye kituo hicho mahakama iliombwa ihesabu kurudi nyuma.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba sekunde 15 ni muda mrefu, na dereva angeweza kufika 113 katikati ya rekodi mbili. Kwa hili utetezi haukutegemea mwendo ulioandikwa na kifaa peke yake, bali ulipima umbali kati ya sehemu moja ya rekodi na inayofuata. Umbali ulikuwa karibu mita 370, ambao ukigawanywa kwa sekunde 15 unatoa wastani wa kilomita 89 kwa saa. Hata kama kila sehemu ilikosewa kwa mita 5 na makosa yote yakaelekea upande mmoja, wastani ungebadilika kwa kilomita mbili na nusu hivi. Ili gari liguse 113 na bado libaki kwenye wastani huo, na lisomwe 87, 89 na 88 kila rekodi ilipochukuliwa, lingelazimika kuongeza mwendo kwa nguvu na kufunga breki kwa nguvu mara moja, likiwa na shehena, kwenye barabara iliyonyooka isiyo na sababu ya kufanya hivyo.

Kisha askari aliulizwa maswali ya dodoso. Alijibu kwa uaminifu, na inafaa kusema hivyo kwa sababu washtakiwa wengi huingia mahakamani wakitarajia kumnasa askari katika uongo. Alisema sauti ya tochi ilikuwa ya juu na imetulia. Alipoulizwa kama kulikuwa na gari jingine nyuma ya gari dogo, alifikiri, akasema: “Lilikuwapo basi, lakini lilikuwa mbali.” Alipoulizwa umbali wa basi kutoka kwenye gari dogo, alikadiria mita 70. Alipoulizwa kama kulikuwa na kitu kwenye maelezo yake kuhusu basi hilo, alijibu hapana.

Maswali yalipaswa kuishia hapo. Mshtakiwa, aliyekuwa akijitetea mwenyewe kwa ushauri wa nje ya mahakama, aliongeza moja: kwa nini askari alichagua gari lake. Askari akajibu kwamba miaka yake barabarani imemzoesha kukadiria mwendo kwa macho, na gari lile lilionekana kwake kwenda zaidi ya 100. Kabla ya swali hilo, makadirio ya macho yalikuwa maneno mawili, “mwendo mkali”. Baada yake yalikuwa na namba.

Katika kufunga utetezi, hoja ya basi iliwekwa kwa hesabu. Nguvu ya mwangwi wa rada hupungua kwa umbali uliopandishwa kipeo cha nne. Gari dogo likiwa mita 350 na basi mita 420, umbali wa ziada unapunguza mwangwi wa basi mpaka karibu nusu ya ule ambao lingetoa lingekuwa sambamba na gari dogo. Basi lenye uso mpana ulio wima linarudisha mwangwi mkubwa kuliko pua ya gari dogo kwa zaidi ya mara mbili, kwa hiyo linaweza kulishinda hata likiwa nyuma. Pia, kama basi lilikwenda 113 na gari dogo 88, tofauti ya kilomita 25 kwa saa inaliwezesha basi kuziba mita 70 kwa sekunde 10 hivi, muda ambao gari dogo linasogea karibu mita 245. Hapo lingekuwa limebakiza mita 105 kumfikia askari, mahali palepale ambapo dereva aliandika kwenye daftari lake, jioni ya siku ileile, kwamba basi lilimfikia.

Uamuzi wa mahakama

Hakimu aliridhika kwamba tochi ilikuwa nzima na kwamba ilisoma 113 kwa usahihi. Hakuridhika, kwa kiwango kinachotakiwa katika kesi ya jinai, kwamba 113 ilikuwa ya gari la mshtakiwa. Hoja ya kukosekana kwa jaribio la mwisho wa zamu aliikataa kwa sentensi moja, akisema jaribio la mwanzo pamoja na cheti hai vilitosha na hakuna dalili kwamba kifaa kiliharibika katikati. Maneno ya “nawahi kufikisha mzigo” aliyachukua kuwa yanaonyesha dereva alijua amezidi kikomo, ila hayakusema kwa kiasi gani. Mshtakiwa alitiwa hatiani kwa daraja la chini kwa msingi wa rekodi zake mwenyewe, akatozwa faini ndogo, na leseni ikabaki mkononi mwake.

Uchambuzi

Kilichoibeba kesi hii ni kupunguza mgogoro mpaka ukabaki na swali moja. Mshtakiwa alikuja na malalamiko sita au saba, mengine ya kweli na mengine ya kusoma, na kila moja ambalo lingebaki lingemlazimu hakimu kulikataa kabla ya kufika kwenye la basi. Kukubali kwamba kifaa kilikuwa sahihi kuliipa hoja ya basi nguvu, kwa kuwa sasa namba 113 ilihitaji mwenyewe, na utetezi ulikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Bahati nayo ilikuwapo, na isifichwe. Kama askari angesema hakumbuki gari lolote nyuma, habari za basi zingebaki kwenye daftari la mshtakiwa peke yake. Kama barabara ingekuwa na kona, umbali wa mstari ulionyooka kati ya rekodi mbili ungekuwa mfupi kuliko barabara yenyewe, wastani ungetoka pungufu, na mwendesha mashtaka angelidai hilo kwa haki kabisa. Hesabu ya mita 105 inapendeza kuisoma, lakini imejengwa juu ya makadirio mawili ya askari, mita 350 na mita 70, ambayo yote yangeweza kukosewa kwa robo. Thamani yake ilikuwa kuonyesha kwamba maelezo ya dereva yanawezekana na yanashikamana, si kuthibitisha mwendo wa basi.

Hoja ya jaribio la mwisho wa zamu ilipewa muda usiostahili. Ina nguvu pale ambapo sheria au mwongozo unaifanya kuwa sharti la kipimo kukubalika, au pale ambapo kuna dalili nyingine ya hitilafu. Hapa haikuwa na mojawapo. Kuhusu maneno ya barabarani, dereva hakuhitaji kukana wala kubishana. Kutoa leseni, kujibu kwa heshima na kutokutoa sababu ya mwendo ambao bado hajaukubali kungetosha. Swali la ziada nalo lingeweza kumgharimu zaidi kama hakimu angeyapa makadirio ya macho uzito mkubwa. Hakuyapa kwa sababu hayakuwa yameandikwa siku ya tukio.

Kwa upande wa askari, dosari iko kwenye karatasi zaidi kuliko kwenye utendaji. Sentensi moja iliyoandikwa palepale kuhusu makadirio ya mwendo kwa namba, magari mengine yaliyokuwa kwenye mwale na sababu ya kuona kwamba kipimo si chao ingeibadilisha kesi yote. Kama sentensi hiyo isingeweza kuandikwa kwa ukweli, namba haikupaswa kugandishwa.

Kama kifaa kingekuwa kingine

Hoja ya basi isingefua dafu mbele ya tochi ya leza. Leza hutuma mapigo ya mwanga usioonekana na kupima muda yanaochukua kwenda na kurudi, kisha huangalia umbali unavyobadilika kati ya pigo na pigo katika sehemu ndogo ya sekunde. Mwale wake ukifika mita 300 huwa na upana wa mita moja hivi, kwa hiyo unachagua gari moja. Maswali ya leza ni kama kioo cha kulengea kilijaribiwa kulingana na mwale, na kama mkono wa askari uliteleza kutoka kwenye kioo cha mbele hadi kwenye boneti wakati wa kupima, jambo ambalo hubadilisha umbali bila gari lenyewe kubadilisha mwendo. Vifaa vingi hukataa kutoa namba vikiona mapigo hayalingani.

Kamera za mwendo wa wastani huandika namba ya gari sehemu mbili na kugawanya umbali kwa muda, hivyo ubishi huwa juu ya umbali uliopimwa, saa za kamera mbili na usomaji wa namba ya gari. Askari akimfuata dereva kwa gari na kusoma mwendo kwenye dashibodi yake, swali ni kama dashibodi hiyo imekaguliwa na kama umbali kati ya magari mawili ulibaki uleule kwa muda wa kutosha, maana gari la polisi linalojitahidi kulifikia lililo mbele lazima liende kasi kuliko hilo.